Mkate Wenye Alama ya Kiatu

Mkate wa kwanza ulipotoka tanurini asubuhi ile ya Jumanne, Fidda aliugeuza chini juu, akaona alama ya kiatu.

Mikate ya Fidda, kama ya wanawake wote wa upande ule wa Karak, huokwa juu ya kokoto zilizopata moto, na kokoto huacha vishimo chini ya mkate, huku na kule, bila mpango. Vishimo vya mkate huu vilikuwa na mpango. Vilizunguka kisigino, vikabana katikati, vikatanuka penye vidole, na ndani yake vingine vimejipanga safu kwa safu kama misumari kwenye soli. Kiatu cha kulia. Akatoa mkate wa pili. Cha kushoto.

"Makubwa haya," Fidda akasema peke yake mle kibandani, moshi wa samadi ukimwasha macho.

Kokoto zilikuwa mpya. Mwezi mzima alimwomba mumewe, Mutlaq, amletee kokoto za kufaa, maana za bondeni zina unyevu ndani na zikipata moto hupasuka paa! kama risasi. Mutlaq akajifanya hamnazo mpaka Jumatatu jioni alipoingia na ndoo. Kokoto nzuri ajabu, laini, duara, zote ukubwa wa yai la kuku, kana kwamba mtu alikaa akazichagua moja moja. Na kweli mtu alikaa akazichagua, ila si Mutlaq, na si zama hizi.

Sasa sikiliza kazi ya Mutlaq, maana uchungu wote uko hapo. Hatua mia tano kutoka mlangoni kwao kuna Umm Hajal, kambi ya askari wa Rumi wa kale: kuta za mawe meusi zilizobomoka nusu, minara minne ya pembeni, lango moja. Serikali imeizungushia senyenge na kuweka bango kwamba kutoa humo hata jiwe moja ni kosa la jela. Mlinzi wake, mwenye koti la kazi na ufunguo wa lango, ni Mutlaq. Analipwa ili jiwe lisitoke. Mimi huwa nasema waziwazi, sina huruma naye hata chembe.

Fidda alitoka na mkate mkononi. Mumewe alikuwa ukutani kivulini, anakunywa chai.

"Baba Wadha, hizi kokoto umezitoa wapi?"

"Bondeni."

"Bonde gani? Kokoto za bondeni nazijua kama meno yangu."

"Umeanza, mwanamke! Mwezi mzima kokoto, kokoto. Nimeleta, sasa unataka na cheti chake cha kuzaliwa?"

"Nijibu tu."

Mutlaq alisimama, akauchukua ule mkate, akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso, kama wafanyavyo watu wa huko, kwa kuwa mkate ni neema ya Mungu. Akasema, "Naapa kwa neema hii, na kwa kichwa cha Wadha, nimezitoa bondeni."

Yakaisha. Watu wa Karak huapa kwa mkate kila siku. Nenda kwenye karamu zao uone: mwenye nyumba anakunyooshea kipande, "Naapa kwa neema hii, hutoki hujala!" na ukiona haya anaongeza kichwa cha mwanawe, au cha mwanao, mpaka ule huku unacheka. Hayo ni mapenzi. Lakini kuapa uongo juu ya mkate ni neno jingine kabisa, na Fidda hakudhani mwanamume aliyemzalia mtoto angeweza kulifanya.

Mkate wa kwanza huwa wa mtoto. Wadha, binti yao wa pekee, mwenye miaka tisa na mapengo mawili mdomoni, aliumaliza wote kwa mafuta ya zeituni na zaatari, ule unga wa majani makavu na ufuta, akalamba vidole. Fidda akala nusu ya ule wa pili. Mutlaq alisema tumbo linamsumbua, akaomba wali uliolala.

Ng'ambo ya ukuta jirani yao, Mama Sayil, alipaza sauti. "Mama Wadha! Mkate wenu leo unanukia mpaka unatutia wazimu!"

"Karibu, dada!"

"Nina kazi mimi! Harusi Ijumaa, na mikate ya watu wote hao nitaoka na hii mikono miwili!"

Saa sita mchana, jua likiwa utosini na kila mtu amejilaza, Fidda alisikia watu wakitembea juu ya changarawe. Watu wengi. Hawakuongea, hawakukohoa, ila miguu tu, kra, kra, kra, yote kwa pamoja, ikipita nyuma ya nyumba kuelekea kambini. Kisha ikamfikia harufu ya ngozi iliyolowa jasho, na chuma, na ngano iliyoungua. Aliinuka kuchungulia dirishani. Nje palikuwa na jua na mbuzi wawili. Alipogeuka, godoro la Wadha lilikuwa tupu.

Alimkuta langoni mwa Umm Hajal, ndani ya senyenge, na kufuli iko mahali pake. Mtoto alikuwa amesimama wima kwenye mawe ya kizingiti, mikono imebana ubavuni, kichwa wazi juani, macho yameikodolea barabara. Hakupepesa. Jasho lilikuwa limemkaukia usoni likaacha chumvi.

"Wadha! Mwanangu, unafanya nini hapa?"

Fidda akamkimbilia Mutlaq, wakafungua, wakaanza kumvuta, na hakuvutika. Mtoto wa kilo ishirini na tano! Alikuwa mzito kama amepandwa ardhini. Ni alasiri tu, kivuli cha mnara kilipofika kizingitini, ndipo alipolegea akaanguka mikononi mwa mama yake, akaomba maji. Hakukumbuka lolote. Nyayo zake zilikuwa na vidoti vyekundu, safu kwa safu, mfano wa misumari.

"Jua limempiga," akasema Mutlaq. Hakumtazama mkewe aliposema hivyo.

Jumatano Fidda alifunga mlango wa chuma kwa komeo na kukaa mbele yake. Saa sita ikagonga, miguu ikapita, kra, kra, kra, safari hii karibu zaidi, karibu kiasi kwamba vikombe vililia kwenye sinia, na alipogeuza shingo kutazama tu ni nini kinachotikisika, godoro lilikuwa tupu na komeo halijaguswa. Alhamisi alijifunga naye kwa kilemba chake, kiuno kwa kiuno, akasoma kila sura aliyoijua, na miguu ilipofika haikupita, ilisimama, ilisimama nje ya ukuta pale pale alipoegemeza kichwa, akasikia pumzi za watu wengi wakihema kwa pamoja, akasikia harufu ile ya ngozi na jasho ikiingia chini ya mlango mpaka akaionja ulimini, na katikati ya kimya hicho mtoto wake mwenye mapengo, aliyekuwa bado anaogopa kuku, akafumbua macho na kusema kwa sauti ya mwanamume mzima aliyekasirika:

"Mlinzi wa hapa anaiba lindo lake. Nani atanibadilisha?"

Kilemba kilibaki na fundo lake. Mtoto hakuwemo.

Siku hiyo ya tatu Wadha alirudi midomo imepasuka, na homa. Mkojo wake ulikuwa wa rangi ya chai. Fidda alijua bila kuambiwa na daktari kwamba mtoto hana siku nyingi juani. Na kule ng'ambo ya ukuta wanawake walikuwa wakipiga vigelegele na ngoma za mkesha wa harusi.

Ijumaa asubuhi akamwita Haji Suwailim.

Huyu Haji hakuwa mganga wa ubani na majoho. Alikuwa sajini mstaafu, mkali, mwenye kisukari na sigara isiyokatika, aliyewasomea watu baada ya miaka ishirini na miwili jeshini. Alitazama nyayo za Wadha. Akaingia kibandani, akachukua kokoto moja tanurini, akaipima kiganjani.

"Hizi ni za kombeo," akasema polepole. "Silaha. Mtu alizihesabu akaziweka ghalani. Nani kazileta?"

"Mume wangu. Ameapa ni za bondeni."

"Ameapa kwa nini?"

"Kwa mkate." Fidda akaitazama ile kokoto. "Kwa mkate uliookwa juu ya hizo hizo. Na kwa kichwa cha Wadha."

"Na mtoto akaula?"

"Akaumaliza."

Haji alikaa chini kwenye jivu, koti lake safi la Ijumaa na yote. Alipoongea alinong'ona. "Binti yangu, jeshi lolote duniani ni mambo mawili, kiapo na mkate. Ukila mkate wao na kichwa chako kimeapiwa juu yake, umeandikishwa. Wale Warumi wamekufa, wameoza, hesabu yao iko kwa Mungu. Lakini kila jeshi hutembea na wakazi wake tusiowaona. Watu waliondoka hapa. Wao hawakupewa amri ya kuondoka."

"Wafukuze basi! Soma!"

"Nimfukuze askari kwenye lindo lake? Kwa amri ya nani? Askari haondoki lindoni mpaka aje wa kumbadilisha. Hiyo sheria hata mimi sikuivunja, na nilikuwa na kuhara." Hakucheka. "Wewe umekula?"

"Nusu."

"Hukuapiwa, umepona. Na mumeo?"

Fidda akafungua mdomo, akakumbuka wali uliolala. Jumanne tumbo. Jumatano hana hamu. Alhamisi alikula kwa dada yake. Siku tatu Mutlaq hakutia mkate wa nyumba hii mdomoni. Hata tonge.

Hasira ilimpanda kutoka miguuni. Mtu huyu alijua! Labda hakujua yote, lakini alijua kiasi cha kuulinda mdomo wake, akakaa pale na kijiko chake cha wali akimtazama mwanawe akilamba vidole. Fidda alichukua mkate mmoja uliobaki, wenye alama ya kiatu, akauweka kifuani, akabeba na ndoo ya kokoto zote zikiwa bado na vuguvugu, akatoka. Haji akamfuata akichechemea.

Saa sita ilikuwa imekaribia. Walimkuta Mutlaq langoni mwa kambi na koti lake la kazi. Wadha alikuwa ameshatangulia, hakuna aliyemwona akipita. Amesimama kizingitini, anayumba. Damu imemtoka puani na imekauka.

Fidda alimwaga kokoto zote miguuni pa mnara. Kisha akampelekea mumewe mkate usoni.

"Kula."

"Mke wangu, binti ami, tulia. Watu wa harusi watasikia."

"Wasikie! Kula, Mutlaq! Mbona huli? Mkate wa mkeo huu. Tumbo bado linakuuma?"

"Mimi nilitaka tu unyamaze! Mwezi mzima kokoto, kokoto! Rundo zima limelala pale, halina kazi, nani angejua?"

"Ulijua wewe! Ungekula kama hukujua!"

Mutlaq alimtazama Haji, akitafuta mwanamume mwenzake wa kumtetea. Haji akatema mate pembeni. "Mchuma janga hula na wa kwao," akasema. "Lakini wewe, mjukuu wa mbwa, umechuma ukawaachia wa kwako wale peke yao."

Ndipo miguu ilipokuja. Ilikuja kutoka ndani ya kambi, kutoka kwenye vyumba visivyo na paa, na hapakuwa na mtu, ila changarawe ilikuwa ikibonyea yenyewe, safu baada ya safu, ikiwajia, na vumbi likisimama kimo cha goti na kushuka, na harufu ikawa nzito mpaka Fidda akaziba pua kwa mkono mmoja huku wa pili bado umeshika mkate, na safu zile zikafika nyuma ya mtoto zikasimama mara moja, krap, na Wadha akageuza uso pole pole kumwelekea baba yake.

"Mlinzi," ile sauti ikasema kwa kinywa cha mtoto, ikitetemeka kwa ghadhabu. "Umekabidhiwa mawe yetu. Ukayaiba. Ukaapa kwa mkate wetu. Ukamtuma mtoto zamu yako."

Mutlaq alipiga magoti. Nadhani ni wakati huo tu, miaka yote ile, alipoonekana kama baba wa mtu. Alinyoosha mkono, akachukua mkate. Akala. Alikula kama anakula udongo, machozi yakimchuruzika kwenye masharubu, na Fidda hakumpa maji.

"Apa sasa," akanong'ona Haji. "Kweli, na kwa kichwa chako mwenyewe. Chochote ulichochukua, kitaje."

"Naapa kwa neema hii, na kwa kichwa changu mimi Mutlaq. Nilizitoa hapa kambini. Ndoo mbili."

Wadha akaanguka. Fidda alimdaka kabla hajagusa mawe, na alikuwa mwepesi, mwepesi kama mtoto, analia, anasema, "Mama, miguu inauma, Mama." Mutlaq alikuwa tayari amepanda kizingitini. Mgongo ukanyooka. Mikono ikabana ubavuni. Macho yakaikodolea barabara.

Fidda akambeba mwanawe mpaka nje ya senyenge huku akilia na kumbusu utosini. Ndipo neno lile likamrudia.

"Ndoo mbili," akasema. Akageuka. "Mutlaq! Nimemwaga moja! Ya pili iko wapi?"

Midomo ya mumewe ilikuwa inaganda. Alihangaika nayo kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Mama Sayil," akasema. "Aliniomba. Kwa ajili ya harusi."

Jamani! Kutoka kule nyumbani kwa Mama Sayil kulikuwa kunasikika vicheko na masinia. Karamu ilikuwa imeanza mapema, kabla ya swala ya Ijumaa. Karak nzima ilikuwa kwenye hema lile.

Walimlaza Wadha kwenye godoro lake, Haji akaketi karibu naye na msahafu. "Usimwachie," Fidda akamwambia. Akachukua sururu ya nyuma ya mlango, akakimbia.

Hema lilikuwa limejaa. Wanaume wameketi kuzunguka masinia, nyama ya kondoo juu ya wali, wali juu ya mikate, mtindi unamwagwa juu, na kila pembe watu wanaapiana, kwa furaha, kwa ukarimu, kama walivyofundishwa na baba zao. "Naapa kwa neema hii, utaongeza!" "Nimeshiba, wallahi!" "Kwa kichwa cha mwanao Talal, kula hiki kimoja!" "Kwa kichwa chako wewe!" Kicheko. Tonge. Kiapo kingine. Fidda alisimama mlangoni na sururu, na kila alikotazama kulikuwa na mkono unaonyoosha mkate, na chini ya kila mkate kulikuwa na misumari.

"Msile!" akapiga kelele. "Msile, jamani! Wekeni chini! Msiape!"

Ngoma ikanyamaza. Watu wakamtazama, na sururu, na jivu usoni. Mama Sayil akatoka upande wa wanawake mbio mbio, na joho lake jipya lenye taraza, uso unang'aa kwa jasho na furaha. Alikuwa mwema, Mama Sayil. Hilo lazima niliseme. Alisikia tu kwamba jirani yake ana mgonjwa, siku ya tatu hajala, amechanganyikiwa kwa uchungu.

"Dada yangu, maskini, njoo," akasema, na akamegua mkate kwenye sinia, kipande kikubwa, akakibusu, akamnyooshea. "Mtoto atapona. Wewe kula kwanza upate nguvu."

"Mama Sayil, nyamaza! Usiseme kitu, nakuomba!"

"Sinyamazi. Naapa kwa neema hii, na kwa kichwa cha Wadha, hutoki hapa hujala!"

Fidda alimpiga mkono, kipande kikaruka kikaanguka mavumbini. Watu wote wakashtuka, maana mkate hautupwi chini. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mtoto alikuwa ameshakula tangu Jumanne.

Kule kwake mlango wa chuma ukafunguka. Akasikia Haji Suwailim akipiga kelele, "Rudi! Rudi, mwanangu!" Kisha miguu midogo juu ya changarawe, peku, kra, kra, ikielekea Umm Hajal. Na ndani ya hema, bila kuambizana, watu wakaanza kuweka matonge chini na kusimama mmoja mmoja, wima, mikono imebana ubavuni.